Bawabu wa Meza ya Kukatia

Brayo ndiye aliyeniomba niandike. Siku ya keki ya kuniaga kazini alinishika mlangoni akaniambia, "Mathe," yaani mama, "hizo stori zako andika mahali. Utatuachia maprogramu na hakuna mtu anazielewa." Programu zangu zinaeleweka. Anayesema hazieleweki hajazisoma. Lakini nimestaafu, na sukuma wiki niliyopanda nyuma ya nyumba hapa mtaa wa Jericho, Nairobi, haihitaji kusimamiwa mchana kutwa, kwa hiyo naandika.

Vyeo sitavitaja. Nilivyopewa vilikuwa vichache, na vingine vilikuja bila kiti.

Nilianza kazi nikiwa msichana, katika ofisi moja ya mjini, chumba cha kutoboa kadi. Enzi hizo kompyuta haikuwa kitu cha kubeba kwa mkoba. Ilikuwa na chumba chake, na chumba chake kilikuwa kizuri kuliko chetu. Sisi tulikaa mbele ya mashine zinazotoboa matundu kwenye kadi ngumu, kila tundu likiwa herufi au namba. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyangu vya kanisani. Jioni nilirudi nyumbani na vipande vya kadi kichwani, vyeupe vidogo vidogo, na majirani wakaniuliza harusi ilikuwa ya nani.

Msimamizi wetu alikuwa Bwana Karanja, mtu wa Murang'a, mkali, mwenye shati lisilo na mkunjo hata siku za mvua. Alitufundisha jambo moja, na alilirudia mpaka tukawa tunalisema pamoja naye kimyakimya: "Mashine haijui kuuliza. Inajua kumeza." Kwa sababu hiyo kila kadi ilitobolewa na mmoja wetu, kisha mwingine akaipiga upya kwenye mashine ya kuhakiki. Vidole vya wawili vikitofautiana, mashine inagoma. Huo ndio ulikuwa ulinzi wa wakati huo, watu wawili wasioaminiana wakilipwa kwa kutoaminiana.

Ulinzi huo ulikuwa mzuri, ila ulikuwa na shimo. Kadi ilidai umri. Fomu nyingi zilikuja bila umri, maana watu wazima wa siku hizo walijua walizaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa njaa, hawakujua tarehe. Mashine ilikataa nafasi tupu. Basi mtu fulani kabla yangu alianza kuandika tisini na tisa, na sote tukafuata, mtobozi na mhakiki. Vidole vililingana, mashine ikaridhika. Mwishowe ripoti ilitoka ikionyesha kwamba mitaa ya Makadara imejaa wazee wa miaka tisini na tisa. Kuna mkubwa aliyeisoma akasema lazima maji ya huko ni mazuri. Bwana Karanja alikunja ripoti ile, akaiweka chini ya birika la chai, ikakaa hapo mpaka Ijumaa.

Miaka ilikwenda. Kadi zikaisha, skrini zikaja, lugha moja ya kompyuta ikazikwa na nyingine ikazaliwa. Bwana Karanja naye tulimzika, na shati lake halikuwa na mkunjo. Mimi nilijifunza Python nikiwa na wajukuu wawili. Wenzangu vijana walinihurumia. Nilitaka kuwaambia kwamba nimejifunza lugha za mashine nyingi kuliko wao walivyojifunza za watu, lakini nilikuwa na kazi.

Kazi ya mwisho niliyoifanya ndiyo mnayoijua nyinyi mliobaki karakana, na ndiyo inayonileta hapa. Karibu na soko la Jericho, Fundi Njoroge alikuwa na karakana ya kushona yunifomu za shule. Alikuwa fundi wa kukata tangu ujana wake, makasi yakawa sehemu ya mkono. Kisha macho yake yakaingia mtoto wa jicho, na mkono ukaanza kutetemeka. Akanunua meza ya kukatia ya umeme iliyotumika, ile ambayo unaipa vipimo na kisu kinajiendesha chenyewe. Meza ilihitaji programu. Ofisi yangu ilikuwa imenichoka, na mimi nilikuwa nimeichoka zaidi, basi nikahamia kwa Njoroge. Kijana Brayo alikuwa pale tayari, akiandika programu kwa kasi ya mtu anayekimbizwa. Kaunta ilikuwa na Atieno, aliyepima watoto na kuingiza namba.

Mwezi wangu wa kwanza zilikatwa shati za shule moja, rundo zima, kitambaa juu ya kitambaa. Kipimo cha kifua kilikuwa ishirini na nne. Fundi Njoroge na kila mtu aliyefundishwa naye hupima kwa inchi. Meza hupima kwa sentimita. Kisu hakikuuliza. Tulipofunua lile rundo tulikuta shati za kuvisha chupa ya soda. Fundi Njoroge aliichukua moja, akaishika karibu kabisa na macho yake, akasema, "Kisu kimekata safi sana." Kisha akaenda kukaa nje. Wanaoandika programu za vitu vya kwenye skrini wana bahati, wanaweza kufuta. Kitambaa kikishakatwa kimekatwa.

Brayo akataka kuweka ukaguzi ndani ya fanksheni ya kukata shati. Nikamuuliza, na ya gauni? Na ya sketi? Na ya kaptula? Akasema ataandika mistari ile ile ndani ya kila moja. Nikamwambia hivyo ndivyo watu wanavyopata ugonjwa, unarekebisha hapa unasahau pale. Ndipo nikamwonyesha dekoreta.

Jina lenyewe baya, mtu anaweza kufikiri ni pambo la ukumbini. Si pambo. Fanksheni ni fundi aliye ndani, anapewa vitu, anafanya kazi. Vitu hivyo anavyopewa, umri, kifua, urefu, ndivyo tunaviita agumenti. Dekoreta ni askari unayemsimamisha mlangoni. Unamwandika mara moja tu. Kisha juu ya kila fanksheni unaweka mstari mmoja unaoanza na alama ya @, na kuanzia hapo hakuna agumenti inayomfikia fundi bila kupita kwa askari. Fundi ndani hajui hata kama kuna mtu mlangoni, anashona tu. Wetu tulimwita bawabu. Juu ya kata_gauni, @bawabu. Juu ya kata_sketi, @bawabu. Alikagua kwamba kifua ni namba, kwamba ni sentimita, na kwamba kinalingana na umri wa mtoto.

Mniruhusu mambo mawili ya kiufundi, kisha niendelee. Kwanza, bawabu anapoifunika fanksheni, ahifadhi jina lake. Sisi tulisahau, na kwa wiki nzima kila kosa liliripotiwa kwa jina la bawabu, kama mtaa ambao kila ugomvi polisi wanamkamata askari wa geti. Pili, Python inahesabu "kweli" kuwa ni namba moja. Brayo aliwahi kuunganisha kisanduku cha tiki mahali pa kifua, na bawabu aliyeuliza tu "je, hii ni namba?" akasema ndiyo, ni namba, karibu. Mtoto mwenye kifua cha sentimita moja. Uliza swali vizuri au usiulize.

Jedwali la kifua na umri Brayo alilitoa kwenye kitabu kilichokuja na meza. Lilikuwa jedwali zuri, la watoto wa nchi nyingine, wanaonunuliwa nguo kila mwaka.

Mnajua kilichofuata, maana nyinyi wote mlivaa nguo hizo. Hakuna mzazi wa huku anayemshonea mtoto yunifomu ya kumtosha. Anamshonea ya kukua nayo. Mikono inakunjwa, pindo linapandishwa hadi karibu na kiuno, na mtoto anaambiwa asimame wima. Basi mama anafika kaunta na binti wa miaka sita, anamwambia Atieno, "Ongeza." Atieno anaongeza kifua, bawabu anakataa: kifua hakilingani na umri. Foleni imefika barabarani, shule zinafunguliwa Jumatatu. Atieno hakuja kutuuliza. Alifanya kile ambacho kila mtu wa Nairobi hufanya mbele ya askari mwenye daftari la wageni. Umewahi kuandika jina lako halisi pale? Atieno aliacha kifua kama alivyotaka mama, akabadilisha umri. Miaka sita ikawa tisa. Bawabu akafungua.

Wavulana hawakutufichua, kwa sababu kaptula ni kaptula. Kilichotufichua ni gauni. Shule moja ilikuwa na desturi yake, wasichana wa madarasa ya chini gauni, kuanzia gredi ya nne sketi na blauzi. Programu ilichagua kwa umri. Miaka tisa, sketi.

Yule aliyerudi alikuwa bibi mmoja kutoka Dandora, Mjaluo, mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani. Wote pale walimwita Dani, yaani nyanya kwa lugha yao. Alimshika mkono mjukuu wake, Achieng, aliyekuwa anaanza gredi ya kwanza. Achieng alikuwa amevaa nguo ya nyumbani, na furushi letu lilikuwa kwapani mwa Dani. Mwalimu alikuwa amelifungua, akakuta sketi ya msichana mkubwa, akawarudisha. Bila gauni haingii darasani.

Nilitegemea kelele. Dani aliweka furushi juu ya kaunta, akakaa kwenye benchi. "Mimi sijakuja kupigana," alisema. "Nimekuja kukaa." Na akakaa. Ni afadhali mtu apige kelele.

Tukaangalia oda. Jericho nzima ilikuwa na watoto wa miaka tisa. Nilimkumbuka Bwana Karanja na birika lake.

"Mathe, toa bawabu," Brayo akasema. "Anatuharibia. Watu wanamdanganya tu."

"Na shati za chupa ya soda?"

"Sasa utafanyaje? Ukimwacha, wanadanganya. Ukimtoa, meza inakata ujinga."

Alikuwa na haki ya kuuliza, na nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki. Nikasoma fanksheni upya toka juu. Agumenti ilisema kifua. Kifua cha nani? Bawabu alidhani ni cha mtoto. Mama kwenye kaunta alikuwa anataja cha nguo. Tuliuliza kitu kimoja mahali palipokuwa na viwili, halafu tukashangaa kwamba majibu hayalingani. Nikamwambia Brayo avitenganishe. Kifua kiwe kifua cha mtoto, kwa tepu, bila kuongeza, na bawabu asikipindishe hata kidogo. Kisha agumenti mpya, kukua: nguo hii imsubiri mtoto miaka mingapi. Programu yenyewe iongeze kitambaa. Hapo hakuna mtu mwenye haja ya kudanganya umri. Brayo aliandika haraka, na kwa kuwa ni Brayo, akaweka kikomo bila kuniuliza: kukua kusizidi miaka miwili. "Zaidi ya hapo mtoto atajikwaa," alisema.

Wakati huo Fundi Njoroge alikuwa amekwenda kwenye rafu na kurudi na kipande cha kitambaa cha miraba ya kijani, kile cha shule ile. "Ndicho kilichobaki," alisema. "Kingine hakiji mpaka wiki ijayo, na kiwandani wiki ijayo ni neno tu." Kilitosha gauni moja. Hakikutosha gauni moja na kosa.

"Fundi, si ukate kwa mkono," Atieno akasema.

"Zamani ningekikata nikiwa nimefumba macho," Njoroge akajibu. "Sasa hata nikiyafumbua ni vile vile."

Basi Atieno akampima Achieng, taratibu safari hii, na Dani akitazama tepu. Umri, sita. Kifua, kama kilivyo. Kukua?

"Tatu," Dani akasema.

Atieno akaandika tatu. Skrini ikasema kukua kusizidi miwili. Nikaona kidole cha Atieno kinaelekea kwenye namba mbili. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea mageti.

"Atieno, ngoja," nikamwambia. "Dani, mitatu ni mingi. Gauni litamburuza. Kwa nini mitatu?"

Dani aligeuka kwanza kwa mjukuu wake. Alimwambia Achieng aende akaangalie mkebe wa vifungo vya Fundi, atafute vyekundu. Mtoto alipokuwa ameinamia mkebe, akasema kwa sauti ya chini:

"Wewe unapima nguo. Mimi pia nimepimwa, huko hospitali. Daktari aliongea vizuri sana mpaka nikajua ni mbaya." Akanyoosha kitambaa cha kichwa. "Mama yake nilizika. Huyu hana mwingine. Siku nitaenda, watu watakuwa na mambo mengi, na hakuna mtu atakumbuka gauni. Nataka hiyo gauni inipite mimi."

Niliumia, sitalizungusha. Nilikuwa nimeshinda asubuhi yote nikijisifu moyoni kwa agumenti mbili.

Hakuna aliyemwambia Brayo la kufanya. Alikuwa ameshageukia kompyuta, anapenga kamasi, anaandika. Alimbadilisha bawabu hapo hapo. Kifua na umri vikikosana, bado anakataa, bila huruma. Lakini kukua kukizidi kikomo, hakatai tena. Anasema: Muulize mteja sababu, uiandike. Na sababu ikawa agumenti ya mwisho, maneno tu, ila isiwe tupu.

Atieno akaandika: Gauni limpite Dani. Bawabu akafungua. Sote tukasimama kuizunguka meza, hata Njoroge, ambaye hakuweza kuona kisu lakini alikuwa anakisikiliza. Kilipomaliza alipapasa vipande kimoja kimoja kwa vidole, akasema, "Haya. Tushone." Achieng alipolivaa alionekana kama amekabidhiwa hema. Kesho yake alikuwa darasani.

Ile sketi Dani aliiacha kwenye kaunta. "Hiyo bado si yake," alisema. Fundi Njoroge akaitundika kwenye msumari juu ya kompyuta yangu, mahali ambapo mimi na Brayo hatungeweza kutoiona, na kila Krismasi aliipangusa vumbi.

Bawabu yule mnafanya naye kazi mpaka leo. Someni sababu siku moja, zimo zote. "Baba yake ni mrefu." "Mama anasema atanenepa." "Ni mapacha, watapokezana." Kuna wakati Atieno alichoka akawa anaandika herufi moja tu, nikaongeza ukaguzi wa urefu wa maneno, tukakosana siku mbili. Jambo ambalo sikumuuliza mtu ni habari za Dani. Kila Januari niliangalia mlango, na kila Januari niliogopa kuuliza. Dandora si mbali. Ningeweza kwenda. Sikwenda.

Siku ya keki, Fundi Njoroge alitoa hotuba. Alisema nilikuja, nikakaa, na sasa naenda, na kwamba chai iko tayari. Tulikuwa tunapiga makofi wakati mtu aliposukuma mlango kwa fimbo.

Alikuwa amekonda zaidi. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kile kile. Kando yake alisimama msichana mrefu, mwenye miguu mirefu, ndani ya gauni la miraba ya kijani lililoachiliwa pindo lote, na mstari wa mkunjo wa zamani ukionekana juu ya magoti. Mabegani gauni lilikuwa limefika mwisho wake. Niliweka kikombe chini.

"Habari zenu," Dani akasema, akakaa kwenye benchi lile lile. Akatutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta wa kulaumu. "Gauni imeisha. Na mimi bado niko."

Brayo akammiminia chai.

"Daktari naye ameshangaa," Dani akaendelea. "Nimemwambia asishangae mbele yangu." Kisha akanyoosha fimbo kuelekea ukutani, juu ya kompyuta. "Sketi yangu hiyo. Ameingia gredi ya nne. Mniteremshie."

Njoroge mwenyewe akaiteremsha, akipapasa msumari. Achieng akaenda nyuma ya pazia, akatoka nayo. Ilimkaa sawasawa, kiunoni na kwenye goti. Ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mtoto wa miaka tisa, na sasa tulikuwa naye.

"Hii itamfikisha mwakani," Dani akasema. "Sasa andika ingine ya baadaye. Kukua, tano."

Atieno akafuta mikono ya keki, akaketi, akampima mtoto, akaandika. Skrini ikasema: Muulize mteja sababu, uiandike. Atieno hakumuuliza. Aliandika: Dani ameipita nguo.

Bawabu akafungua, na kisu kikaanza kukata.